Mafuta, Maji na Kipimo: Historia ya Upimaji wa Nguvu ya Mafuta ya Mimea ya Dawa Dhidi ya Bakteria, 1881–2006

Utangulizi

Tasnifu nyingi zinazochunguza mimea ya dawa huwa na jedwali linalofanana. Safuwima ya kwanza ina jina la mmea, ya pili ina jina la bakteria, na ya tatu ina upana, kwa milimita, wa duara ambamo bakteria hawakuota kukizunguka kiduara cha karatasi kilicholoweshwa mafuta ya mmea huo. Duara likiwa pana mmea husifiwa, na likiwa jembamba mmea huachwa. Mara chache huulizwa duara hilo limetoka wapi, lilibuniwa kupima kitu gani, na kwa nini liliaminiwa kupima kitu kingine.

Insha hii inafuatilia historia ya upimaji huo tangu maabara za Ujerumani na Ufaransa katika miaka ya 1880 hadi maabara za Australia mwishoni mwa karne ya 20. Hoja yake ni kwamba sifa ya mafuta hayo ilipanda na kushuka si kwa sababu mimea ilibadilika, bali kwa sababu vipimo vilibadilika. Na kwamba takribani kila kipimo kilichotumiwa kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya dawa inayoyeyuka katika maji. Mafuta hayayeyuki vizuri katika maji. Ukweli huo, anaoujua kila aliyewahi kuosha sufuria, ulichukua zaidi ya miaka mia moja kupewa nafasi yake katika kanuni za maabara.

Mafuta yanayozungumziwa hapa ni yale mepesi ya kunukia, yanayoruka hewani, ambayo hupatikana kwa kukeneka majani, maua, magome au matumba kwa mvuke wa maji. Hayo ni tofauti na mafuta mazito kama ya nazi au ufuta, ingawa, kama itakavyoonekana, hata watafiti wenyewe waliwahi kuyaweka katika orodha moja.

Nyuzi za hariri na mvuke: Koch na Chamberland

Mwaka 1867 daktari mpasuaji Joseph Lister alitangaza matumizi ya asidi ya kaboliki, yaani fenoli, katika kuzuia vidonda visioze. Kutoka hapo dawa za kuulia vijidudu zilienea, na kila muuzaji alidai yake ndiyo kali kuliko nyingine. Robert Koch ndiye aliyezifikisha mbele ya hakimu. Katika kazi yake ya mwaka 1881 kuhusu uuaji wa vijidudu, alikausha spora za kimeta kwenye nyuzi za hariri, akazitumbukiza nyuzi hizo katika dawa mbalimbali kwa muda uliopimwa, kisha akaziweka kwenye chakula cha bakteria aone kama zitaota. Dawa alizozijaribu zilizidi sabini, na tapentaini ilikuwa miongoni mwake.

Matokeo mawili ya kazi hiyo yana uzito wa pekee katika historia hii. La kwanza ni kwamba Koch alitenganisha kuua na kuzuia. Aliona kwamba dutu inaweza kuwazuia bakteria wasiote wakati ipo, lakini ikiondolewa wakaendelea kuota kana kwamba hakuna kilichowapata. La pili ni kwamba asidi ya kaboliki iliyochanganywa katika mafuta haikuwa na nguvu dhidi ya spora hizo, ilhali ile iliyochanganywa katika maji ilikuwa nayo. Madaktari wa wakati huo walikuwa wakipaka vidonda mafuta yenye kaboliki kwa imani kamili. Koch aliwaonyesha kwamba mafuta yanaishika dawa na kukataa kuiachilia iwafikie bakteria, ambao huishi katika umajimaji. Hapo, tangu mwaka 1881, onyo kuhusu mafuta na maji lilikuwa limekwishaandikwa. Watafiti waliofuata walilisoma kama jambo linalohusu kaboliki, si kama jambo linalohusu mafuta.

Koch mwenyewe hakusalimika. Alikuwa ameisifu kloridi ya zebaki kuwa muuaji wa spora hata ikiwa hafifu sana. Mwaka 1889 Geppert alionyesha kwamba sehemu ya zebaki ilikuwa ikibaki kwenye uzi na kuingia pamoja nao katika chakula cha bakteria, ambako iliendelea kuwazuia wasiote. Alipoiondolea zebaki hiyo nguvu kwa salfaidi ya amonia, spora zilizodhaniwa kufa ziliota. Mtu aliyewafundisha wengine kutofautisha kuua na kuzuia alikuwa amenaswa na kosa lilelile katika dawa aliyoiamini zaidi.

Katika mazingira hayo ndipo Charles Chamberland, msaidizi wa Pasteur anayekumbukwa zaidi kwa kichujio chake cha kauri, alipochapisha mwaka 1887 uchunguzi wake kuhusu mafuta ya kunukia dhidi ya bakteria wa kimeta. Uchunguzi huo ulitoka katika juzuu la kwanza la jarida la Taasisi ya Pasteur. Chamberland aliyachunguza mafuta mengi, na yale ya mdalasini na ya origano yakawa miongoni mwa yaliyoonyesha nguvu kubwa. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hakuridhika na kuyachanganya mafuta katika mchuzi wa kukuzia bakteria. Alichunguza pia nguvu ya mvuke wake. Alielewa kwamba kitu kinachoruka hewani kina njia mbili za kumfikia kijidudu. Miaka miwili baadaye Cadéac na Meunier waliendeleza kazi hiyo kwa bakteria wengine, wakiwamo wa homa ya matumbo.

Kigezo cha kaboliki

Kufikia mwanzo wa karne ya 20 tatizo halikuwa tena kama dawa inaua, bali inaua kiasi gani ikilinganishwa na nyingine. Mwaka 1903 Samuel Rideal na J. T. Ainslie Walker wa Uingereza walipendekeza njia iliyopendwa mara moja kwa wepesi wake. Dawa inayopimwa na fenoli huchanganywa na maji kwa viwango mbalimbali. Bakteria wa homa ya matumbo hutiwa ndani. Na kila baada ya dakika mbili na nusu tone huchukuliwa na kupandwa katika mchuzi mpya. Kiwango cha wepesi ambacho dawa bado inaua kwa muda uliowekwa hugawanywa kwa kiwango cha fenoli kinachoua kwa muda huohuo. Jibu huwa ni namba moja. Dawa yenye namba 5 ilisemwa kuwa na nguvu mara tano ya kaboliki.

Namba moja ni zawadi kubwa kwa mfanyabiashara, na ni hatari vilevile. Harriette Chick na Charles Martin walionyesha mwaka 1908 kwamba namba hiyo hubadilika sana dawa inapokutana na uchafu, na wakapendekeza kipimo kifanyike kukiwa na kinyesi kilichokaushwa, kwa kuwa dawa hizo zilinunuliwa ili zitumike mahali penye uchafu. Pendekezo lao lilikuwa la haki. Hata hivyo, namba ya Rideal na Walker, inayopatikana katika maji safi, ndiyo iliyoendelea kupamba makopo na matangazo, na sababu yake haihitaji utafiti mrefu: ilikuwa kubwa zaidi.

Mwaka 1910 W. H. Martindale aliyapima mafuta ya kunukia kwa kigezo cha kaboliki na kuchapisha matokeo yake katika jarida la biashara ya manukato. Mafuta yenye fenoli zake ya asili, hasa ya origano na ya thaimu, yaliipita kaboliki yenyewe. Kwa mara ya kwanza mimea ya jikoni iliwekwa katika mizani moja na dawa ya hospitali, na ikaonekana nzito. Hilo halikupaswa kumshangaza mwanakemia. Thaimoli ya thaimu, kavakroli ya origano na eujenoli ya karafuu zote ni za ukoo wa fenoli. Kigezo cha kaboliki, kwa maana hiyo, kilikuwa kikiwapima ndugu kwa ndugu yao.

Hapa pana uhusiano wa moja kwa moja na pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya karafuu za dunia katika miongo hiyo ilitoka Unguja na Pemba, na eujenoli iliyotumiwa na madaktari wa meno wa Ulaya kutuliza maumivu ilitokana kwa kiasi kikubwa na mashamba hayo. Pemba bado hukeneka mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya matumba ya karafuu kuchambuliwa. Katika maandiko ya upimaji ya kipindi hicho karafuu huonekana kama bidhaa tu. Mkono wa mchumaji na ujuzi wa nyumba za visiwani, ambako karafuu huwekwa kwenye jino bovu, haukuhesabiwa kuwa ushahidi wa aina yoyote.

Penfold na mti wa chai wa New South Wales

Mfano ulio kamili zaidi ni wa mti unaoitwa mti wa chai nchini Australia, *Melaleuca alternifolia*. Jina lisimpotoshe msomaji: mti huo hauna udugu na chai ya Mufindi wala ya Kericho. Huota katika maeneo oevu ya kaskazini mwa New South Wales, katika nchi ya Wabundjalung, ambao waliyatumia majani yake kwa tiba muda mrefu kabla ya maabara yoyote kujengwa huko.

Arthur Penfold, mkemia wa Jumba la Makumbusho ya Teknolojia la Sydney, aliuchunguza mti huo katika miaka ya 1920. Mwaka 1925, akishirikiana na R. Grant, alichapisha nguvu za kuua vijidudu za mafuta kadhaa ya mimea ya Australia pamoja na viambato vyake safi. Kwa kigezo cha Rideal na Walker, mafuta ya mti wa chai yalipata 11. Mafuta hayo hayana fenoli kama ya thaimu, na kwa hiyo namba hiyo haikuweza kuelezwa kwa udugu na kaboliki. Isitoshe, hayachomi ngozi kama kaboliki inavyochoma. Madaktari walianza kuyatumia katika vidonda na maambukizo ya ngozi, na biashara ikaanza.

Thamani ya kazi ya Penfold haimo katika namba 11 pekee. Imo katika uamuzi wake wa kupima viambato kimojakimoja, na katika jambo jingine aliloliona akiwa na F. R. Morrison katika mkaratusi wa aina ya *Eucalyptus dives*. Mwaka 1927 walieleza kwamba miti ambayo mtaalamu wa mimea hawezi kuitofautisha kwa jani wala ua inaweza kutoa mafuta yenye kemia tofauti kabisa. Maana yake kwa upimaji ni nzito. Mtafiti anayeandika kwamba "mafuta ya mmea fulani" yanaua bakteria, bila kusema mafuta hayo yana nini, hajasema jambo ambalo mwingine anaweza kulihakiki. Kabla ya kromatografia ya gesi kuwasilishwa na James na Martin mwaka 1952, udhuru ulikuwapo. Baada ya hapo udhuru ulipungua mwaka hadi mwaka, lakini jedwali lenye majina matupu ya mimea halikutoweka.

Duara kwenye agari

Kisahani cha Petri kilikuwapo tangu mwaka 1887, na agari ilikuwa imeingia maabara ya Koch miaka michache kabla, kwa ushauri wa Fanny Hesse aliyeijua kutokana na mapishi. Lakini duara kama kipimo lilipata heshima yake kutokana na penisilini. Huko Oxford, mwanzoni mwa miaka ya 1940, Norman Heatley alihitaji kujua kiasi cha penisilini katika umajimaji uliokuwa na dawa kidogo mno. Aliweka mirija mifupi juu ya agari iliyopandwa bakteria, akaijaza umajimaji huo, na kupima upana wa duara lililobaki wazi. Karatasi iliyoloweshwa dawa ikachukua nafasi ya mirija katika muongo huohuo. Mwaka 1966 Bauer, Kirby na wenzao wa Seattle waliuwekea utaratibu wa karatasi kanuni ambazo hospitali zilizikubali.

Kanuni hizo zilisimama juu ya nguzo mbili. Dawa ilipaswa kuyeyuka katika maji ya agari na kusambaa kwa mwendo unaotabirika. Na upana wa duara ulilinganishwa na kiwango cha chini kabisa cha dawa kinachozuia bakteria, pamoja na kiasi cha dawa kinachofikiwa katika damu ya mgonjwa. Milimita kadhaa za duara la tetrasaiklini zina maana kwa sababu kuna mgonjwa upande wa pili wa mlinganyo.

Mafuta ya kunukia hayana nguzo hata moja kati ya hizo. Sehemu yake hukaa palepale kwenye karatasi, sehemu hutandaa juu ya agari, sehemu hupaa na kujaza nafasi iliyo chini ya kifuniko. Kiambato kinachoyeyuka kidogo katika maji, kama eujenoli, hutembea na kuchora duara. Kiambato cha haidrokaboni tupu kama limonini karibu hakitembei. Mafuta mawili yenye nguvu sawa yanaweza kuchora maduara yasiyofanana, na mafuta dhaifu yanayosambaa upesi yanaweza kuyashinda yaliyo makali. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 na baadaye, tafiti za mafuta zilifanywa kwa njia hiyo kwa sababu karatasi, agari na rula vilikuwa vya bei nafuu. Jasper Maruzzella wa Marekani, aliyechapisha tafiti kadhaa za aina hiyo, angalau aliutambua upungufu kwa vitendo: mwaka 1960, pamoja na Sicurella, alipima mvuke peke yake. Wachache walimfuata.

Ingekuwa rahisi kuwalaumu watafiti wa nchi maskini kwa kushikamana na njia ya karatasi. Lawama hiyo si ya haki. Kitengo cha Utafiti wa Tiba ya Asili kilichoanzishwa Muhimbili mwaka 1974, kama vitengo vingine vya aina yake barani, kilikuwa na kazi ya kuchuja mimea mingi, na njia ya kisahani ilifaa kwa mchujo wa kwanza. Kosa lilikuwa la kuufanya mchujo wa kwanza kuwa hukumu ya mwisho, na kosa hilo lilijaa katika majarida ya Ulaya na Amerika kama kwingineko. Ushahidi ni mapitio ya Janssen, Scheffer na Baerheim Svendsen ya mwaka 1987. Waliyasoma maandiko ya miaka kumi, 1976 hadi 1986, wakaona kwamba matokeo ya watafiti mbalimbali hayalinganishiki: bakteria walitofautiana, vyakula vya bakteria vilitofautiana, njia ya kuyachanganya mafuta ilitofautiana, na mara nyingi mafuta yenyewe hayakuelezwa. Maandiko ya muongo mzima yalikuwa yamerundikana bila kujengana.

Kurudi kwenye mchuzi

Dawa ya ugonjwa huo ilionekana kuwa kurudi kwenye kiwango cha chini kabisa cha uzuizi: kuchanganya mafuta katika mchuzi kwa viwango vinavyopungua nusu kwa nusu, na kutazama ni wapi bakteria wanaanza kuota. Lakini mchuzi ni maji, na mafuta huelea juu yake. Suluhisho la kawaida lilikuwa kuongeza kitu cha kuyashikanisha, kama Tween 80 au alkoholi. Mwaka 1993 Remmal na watafiti wenzake wa Morocco walionyesha kwamba vitu hivyo hupunguza nguvu ya mafuta yanayopimwa. Badala yake walipendekeza kiasi kidogo sana cha agari, asilimia 0.2 tu, isiyotosha kugandisha mchuzi lakini inayotosha kuzuia matone ya mafuta yasikusanyike. Hiyo ni miongoni mwa kazi zenye manufaa zaidi katika historia hii yote, na inatajwa kidogo kuliko inavyostahili. Kwa maneno mengine, ilirudia onyo la Koch la mwaka 1881: kinachoyashika mafuta huyashika pia dhidi ya bakteria.

Kundi la Christine Carson, Katherine Hammer na Thomas Riley wa Perth lilichagua njia ya kati. Mwaka 1995 lilichapisha utaratibu wa mchuzi uliotumia Tween 80 kwa kiasi kidogo kilichodhibitiwa, kwa ajili ya mafuta ya mti wa chai. Mwaka huohuo Carson na wenzake walijaribu mafuta hayo dhidi ya sampuli 66 za *Staphylococcus aureus*, ambazo 64 kati yake zilikuwa sugu kwa methisilini. Kwa sampuli 60 za Australia, asilimia 0.25 ilizuia na asilimia 0.50 iliua. Namba hizo mbili, zikiwekwa kando kando, zinatimiza kile Koch alichokidai: kuzuia ni kimoja na kuua ni kingine. Mwaka 1999 kundi hilo lilionyesha kwamba vitu vya kioganiki na vishikanishi hudhoofisha mafuta hayo, hoja ambayo Chick na Martin wangeitambua mara moja.

Mwaka 1999 vilevile Hammer na wenzake walipima mafuta na dondoo 52 kwa utaratibu mmoja. Mchaichai, origano na mmea wa bay viliwazuia vijidudu vyote vilivyojaribiwa kwa asilimia 2.0 au chini ya hapo. Sita hayakuzuia kijidudu chochote kwa kiwango hicho, yakiwamo ya makadamia, ya mbegu za maboga na ya lozi tamu. Hayo matatu ni mafuta mazito ya kukamua, na kushindwa kwake kulitarajiwa. Lakini kuyaweka katika jedwali moja na ya kukeneka kuliwapa wasomaji mizani iliyokuwa imekosekana. Kwa upande wa mti wa chai, kiwango cha kimataifa ISO 4730 cha mwaka 1996 kilikuwa kimekwishaweka sharti kwamba mafuta yawe na angalau asilimia 30 ya terpineni-4-oli na yasizidi asilimia 15 ya sineoli. Mtu aliyesoma namba ya nguvu aliweza kujua ni mafuta gani yaliyoizaa. Mapitio marefu ya Carson, Hammer na Riley ya mwaka 2006 yaliweza kuandikwa kwa sababu hiyo. Kwa mimea mingi ya dawa ya Afrika, hata kama mafuta yake yamechambuliwa, hakuna kiwango cha namna hiyo.

Mvuke tena

Suala la mvuke lilibaki pembeni kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2001 Inouye na wenzake wa Japani walipima mafuta dhidi ya bakteria wa njia ya hewa kwa kuwafikishia mvuke ndani ya chombo kilichofungwa, bila mafuta kugusa chakula chao. Walieleza matokeo kwa kiasi cha mafuta katika ujazo wa hewa. Hii ni njia ya Chamberland ya mwaka 1887, ikiwa imepewa vipimo bora. Ndiyo pia njia iliyo karibu zaidi na namna watu wa pwani na bara wanavyotumia mkaratusi, mchaichai na kivumbasi wanapojifukiza: majani huchemshwa katika chungu, mgonjwa hujifunika shuka, na dawa humfikia kwa pumzi. Tasnifu inayoeleza kujifukiza katika sura yake ya kwanza, kisha ikayapima majani hayohayo kwa kiduara cha karatasi katika sura ya tatu, huwa imepima matumizi ambayo mganga hakuyataja.